Kitambala ya Pili

Bamama ya soko banakuyaka kuniuliza namna ya kununua kamioneti ya mazutu, ya dizeli, yenye ilishatumika. Banakuya wawili wawili, juu moja anaogopa kudanganywa na mwenye kuuzisha, na mwenzake anaogopa kudanganywa na ule moja. Nabaambia maneno ya shofere muzee, ule alikuwa anashusha biazi yangu kutoka Masereka mbele vita haijafika. Alisema: ufike asubui mapema, motere ikiwa ingali inalala. Mazutu ya baridi haijue kudanganya. Utie mukono ku kapo, kifuniko ya motere. Ukisikia moto, mutu ameiamusha mbele haujafika, hapendi usikie vile inakohoa. Utoshe mafuta ya motere kidogo, uiangalie ku kidole. Ikifanana na chai ya maziwa, maji imeingia ndani, salimia mwenyewe na urudie kwako. Ushike kitambala ya mweupe nyuma ya bomba ya moshi. Masizi makavu, hiyo si neno. Mafuta mafuta, motere imezeeka.

Yote ni kweli. Mais siku ya kununua yangu mwenyewe, maneno hayo haikunitosha, na sijabaambiaka juu ya nini.

Wakati ya vita, huku kwetu Butembo na Beni, motokari ya nguvu haikuwa baraka. Basoda bakisikia motere inaimba muzuri, banafika ku mulango: "Papa, leta funguo, tunaenda ku front, tutairudisha." Front, kule banapigana, haikurudishaka kitu. Donc batu bakajifunza kugonjwesha motokari zabo. Mwingine alitosha roue, ile magurudumu, akazificha chini ya maharagi. Mwenye akili zaidi alifinya kitambala mu bomba yenye motere inapumulia. Motere ikikosa pumzi, inatoa moshi nyeusi, inapanda mulima kama muzee mwenye asma, na soda anaitukana, anaiacha ipite. Shida ni ya mwenye kununua. Juu kila mutu mwenye motokari mugonjwa anakuapia kama ni yeye aliigonjwesha.

Bwana yangu alikufa na homa mwaka yenye vita ilifika. Aliniachia batoto batano, na miti ya kalitusi ku mulima ya Masereka, alizipanda mwaka ya ndoa yetu. Nilikuwa nachuuza biazi na maharagi, mais hakuna motokari yenye ilikubali tena kupanda kule. Biazi ikawa inaoza mu shamba, na batoto banafukuzwa ku masomo. Nikauzisha ile miti yote, mpaka ya mwisho, nipate kununua kamioneti. Mama mukwe alisimama katikati ya bisiki, mikono ku kiuno.

"Umekata mutoto wangu mara ya pili," akasema. "Na hiyo motokari ikikufa, utawapikia batoto nini? Roue?"

Alikuwa na haki. Kalitusi inaota tena ku kisiki, mais mutoto hawezi kungojea kisiki.

Nikasikia habari ya kamioneti moja Beni. Mwenyewe alikuwa mufanyakazi wa serikali, mutu wa province ya mbali. Alitumwa huku mbele ya vita, na tangu vita, mushahara ilikuwa hadisi tu. Akaniitisha saa ine ya asubui. Miye nililala ku parokia ya pale, nikafika saa kumi na mbili, pekee yangu. Sikutaka komisionere, ule dalali, juu komisionere anakula ku sahani mbili. Sikutaka mekanisye, fundi wa motere, juu mekanisye wa Beni ni rafiki ya batu ya Beni. Nilikuwa na rozari ku mukono, kitambala ya mweupe mu kitunga, na feza ya miti ilifungwa ndani ya kikwembe, kitenge yangu, ku tumbo.

Nikatia mukono ku kapo. Baridi kama jiwe ya mutoni. Nikasikia haya kidogo, mais haya haikufukuza wasiwasi.

Akatoka anafunga vifungo ya shati. "Mama! Ata kuku haijashuka."

"Papa, samahani. Kwetu tunaamukaka kwa Misa ya kwanza."

Akacheka, akawasha. Ilikohoa mara tatu, ikashika, ikatoa moshi nyeusi yenye ilifunika kiwanja yote. Nikashika kitambala nyuma ya bomba. Masizi makavu. Nikaangalia mafuta ku kidole. Muzuri. Akaniletea karatasi. Nilijifunza kusoma kwa masomo ya mangaribi ku parokia, nikiwa tayari na batoto batatu, na tangu hapo sisainake kitu yenye kidole yangu haijapita juu yake. Karatasi ilisema yeye njo mwenyewe wa kwanza.

"Na hii moshi?" nikauliza.

Akaangalia barabara, akashusha sauti. "Ni kitambala, mama. Nilitia mwenyewe. Ndani iko simba."

"Toa, nione simba."

"Hapa?" Akanionyesha na kidevu. Ngambo ya barabara, kambi ya basoda. Mumoja alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo ya motokari, motokari yenye zamani ilikuwa ya mutu. "Nikitoa hapa, mbele haujamaliza kusema Baba Yetu, balishaichukua. Miye nitakosa, na weye utakosa."

Nikafikiri: hiyo njo maneno ya mwongo, na hiyo njo maneno ya mukweli. Zinafanana kama mapasa.

Tukapatana hivi: tutoke Beni mu njia ya Butembo, tupite bariere, kizuizi ya basoda, na kitambala ndani, tufike ku mulima kwenye hakuna soda. Kule atatoa. Ikipanda, nitanunua. Isipopanda, narudia na miguu na feza yangu.

Ku bariere soda moja kijana akazunguka kamioneti, akafunika pua.

"Mama, motuka na yo ezali komela likaya!" Akageuza kwa Swahili, juu bote basikie: "Motokari yako inavuta tumbako! Iambie iache, itapata kifua!"

Papa wa Beni, vile namuitaka ule mwenye kuuzisha, akacheka sana. Alicheka na meno yote, akapiga mukono ku mulango, akamuita soda "mukubwa." Miye sikucheka. Nilimuangalia. Mutu mwenye mushahara haijafika, mwenye kuuzisha kitu yake ya mwisho, anachekea nini na basoda? Nikajiambia: bamepatana. Leo ataniuzishia, kesho bale bataichukua ku bariere, na wiki ijayo iko mbele ya nyumba yake tena, inangojea mujane mwingine. Nikashika rozari mpaka ikaniuma.

Ku mulima akazima, akafungua kapo, akavuta kitambala kimoja, kipande ya shati ya zamani. "Panda, mama."

Ikapanda. Moshi ikapunguka, mais haikuisha. Na nguvu ilikuwa ya mbuzi, haikuwa ya simba. Katikati ya mulima ikaanza kulia.

"Papa, simba iko wapi?"

"Hii njo nguvu yake," akasema. "Tangu nilipoipata, hii njo nguvu yake." Na nikaona anastaajabu kweli kama miye sikuridhika.

Nikashuka. Nikavua rozari, nikaifunga mu kitunga, nikaingiza mukono mu ile bomba ya pumzi. Mukono ya papa ni kubwa, haikuweza kuingia. Ya kwangu iliingia mpaka kiwiko, na ku mwisho kabisa nikagusa kitu ngumu. Nikavuta pole pole. Ikatoka kitambala ya pili, imekauka kama ngozi, nyeusi ya masizi. Nikaipiga ku jiwe, rangi ikaonekana kidogo. Ilikuwa kipande ya kikwembe ya mwanamuke. Pindo ilishonwa na mukono, na uzi nyekundu, mushono mudogo mudogo, wa mutu mwenye uvumilivu.

Tukawasha. Nyamuhanga, Mungu wangu! Ile kamioneti iliunguruma, mawe ikatetemeka, ikapanda mulima bila moshi ata kidogo. Nikashika kitambala yangu nyuma ya bomba, ikabakia mweupe. Papa wa Beni alikuwa anafungua kinywa kama mutoto.

Miye sikufurahi. "Papa, karatasi inasema weye njo wa kwanza. Nani alitia hii?"

Akakaa ku jiwe. "Nilinunua kwa mukubwa wa basoda. Aliniuzishia bei ya mugonjwa. Karatasi, ni bo basoda balitengeneza."

"Na yeye aliitosha wapi?"

"Mama, mwaka ile, nani aliuliza?"

Basi nikaelewa. Kuko mama mahali fulani, Kasugho, Musienene, ao ata ku kilima jirani na yangu, mwenye alishona ile pindo, akaipasula, akaifinya mule ndani ili Mungu apofushe macho ya basoda. Na haikusaidia. Na miye nitembeze motokari ya machozi yake mu siku ya soko? Nikamwambia: sinunue. Sikulia, mais niliona batoto batano wamesimama ku bisiki.

Papa wa Beni hakubishana. Akarudisha kipande ya shati yake mu bomba, akajaribu motere. Ilitoa moshi kidogo tu, na sauti ilibakia ya nguvu. Akageuka.

"Nipatie na ile ya pili."

"Ya nini?"

"Tunarudi ku bariere. Moja haitoshe, bataisikia."

"Papa, hii iko ushahidi. Nitaionyesha ku parokia na ku masoko, mwenye kushona ataijua."

"Utaionyesha kesho. Leo nipatie. Mama, nakulomba."

Alilomba mara tatu. Na kila mara nilisikia mwongo anayetaka kufuta alama yake. Nikatia ile kitambala chini ya mikate yangu ya safari mu kitunga, nikapanda, juu mizigo yangu ilibakia ku parokia ya Beni, nikakaa na kitunga ku magoti.

Ku bariere, ule soda kijana alikuwa amekaa ku kiti. Mbele hatujafika, aliinua kichwa, akainamisha sikio. Akasimama.

"Papa! Asubui ilipita mugonjwa, sasa imerudi na afya. Kule ku mulima kuko munganga?"

Benzake bakacheka.

"Unipatie adresi yake, goti yangu inaumaka." Akafungua mulango. "Shukeni. Tunaenda ku front, tutairudisha."

Papa wa Beni akashuka. Alimuita tena "mukubwa," akacheka tena na meno yote, na sasa nikaona ile kicheko ilikuwa nini. Ilikuwa kitambala ya tatu. Haikusaidia. Bakapanda saba, bakaenda, na sauti ya motere tuliisikia wakati murefu.

Tukatembea na miguu mpaka mu muji. Karibu na kwake akasimama.

"Mama, balikulipa nini?"

"Nani?"

"Ulikataa kununua, ukakataa kitambala, na bo balikuwa banangojea. Weye na bo mulipatana wapi?"

Nilifungua kinywa. Kila neno lenye lilikuya ku ulimi lilikuwa la mwenye kuuzisha: naapa, sikujua, Mungu anaona. Kitunga ilikuwa ku mukono yangu na kitambala ndani. Bibi yake alikuwa amesimama ku mulango, anaangalia miguu yetu yenye vumbi. Aliingia ndani bila kunisalimia.

Nilinunua ingine kisha miezi mingi, hapa Butembo, kwa mujane mwenye muji yote inamujua, na mulango ya ile kamioneti inafungwa na waya. Njo hiyo ilishusha biazi, ikasomesha batoto. Ile pindo ya uzi nyekundu niliipeleka ku masoko yote ya milima. Bamama baliigusa, bakatikisa kichwa. Kila mwaka nalombesha Misa juu ya batu wawili bila kutaja jina, mushonaji na papa wa Beni. Naye sijamuona tena.

Na ile kitambala, nilipochoka kuitembeza, niliifinya mwenyewe mu bomba ya kamioneti yangu. Siku ya kwanza nilipita na yo, nilikuwa na mama moja pembeni, alinilipa nimubebee maharagi. Ku bariere soda alifunika pua.

"Mama, hii motokari au ni jiko?"

Nikacheka na meno yote, nikapiga mukono ku mulango, nikamuita mukubwa. Tulipovuka, nikageuka. Ule mama alikuwa ananiangalia, na pole pole alikuwa anavuta kitunga yake mbali na yangu.