Mkoba Uliobaki Silangani

Tryphena Mkamburi, mzaliwa wa Mghange, ana studio ndogo mjini Voi na mpaka leo hupiga picha kwa filamu na kuisafisha mwenyewe katika chumba cha giza nyuma ya duka. Mkoba wa ngozi wa kubebea kamera, aliorithi kwa baba yake, ulipoliwa na panya, alizunguka maduka akitafuta mwingine. Mwishowe ikabaki mikoba miwili: mmoja wa turubai, wa kubeba mgongoni, unaofungwa kwa mikanda, mwingine mweusi, wa begani, wenye sponji nene na vyumba vya lenzi, kifuniko chake kikishikana kwa velkro, ile nailoni inayonatana. Alichukua mweusi. Vumbi la Voi halina dini, na ule haukuwa na mwanya hata wa sindano.

Jumamosi aliubeba hadi Maungu. Mutunga, mfugaji, alikuwa amemwita ampige picha mama yake, Nthenya. Bibi huyo alikuwa anaumwa na hakupenda kamera. Alikubali kukaa kwenye kiti mara moja tu. "Mkinisumbua tena, nakufa makusudi," alisema, na mwanawe akacheka bila furaha.

Filamu yenye picha hiyo Tryphena aliitia mkobani. Kisha Mutunga akamwomba waende Ndara kwa pikapu yake, ampige picha na ng'ombe wake wakinywa maji kwenye silanga, bwawa la mifugo.

Waliacha pikapu ng'ambo, wakazunguka silanga kwa miguu, ng'ombe hawakuwepo. Mutunga alisimama, akanusa. Ndovu jike akatoka vichakani upande wa pili na mtoto wake, akasimama baina yao na pikapu.

"Usitikisike, dada," Mutunga alinong'ona.

Tryphena hakutikisika. Jasho lilimtiririka mgongoni, na ule mkanda wa begani ukawa unateleza kidogo kidogo, mkoba ukishuka na uzito wake wote. Aliubana kwa kiwiko. Ndovu alipiga hatua mbele, masikio wazi.

"Akija, tupa huo mzigo tukimbie."

"Mama yako yumo humu."

Macho ya Mutunga yalikwenda kwenye mkoba, yakarudi kwa ndovu.

Tryphena aliingiza vidole chini ya kifuniko, akavuta taratibu. Nailoni ikalia kama shuka linalochanwa. Ndovu akainua kichwa. Tryphena aliacha, akangoja. Akajua kuvuta polepole hakusaidii. Kelele ni ile ile, ila inakuwa ndefu. Akararua kifuniko kwa mkupuo mmoja, akashika kikopo cha filamu, akakitia kifuani, akaubwaga mkoba.

Ndovu akaja. Walikimbia kuzunguka ukingo wa silanga, miiba ikiwachana, wakaingia kwenye pikapu bila kujua mlango umefungukaje. Nyuma yao jike yule alikuwa juu ya mkoba. Aliunusa, akaukandamiza kwa goti, akamwita mtoto wake wakaondoka.

Waliporudi, kamera iliyokuwa mkobani ilikuwa imepondeka na lenzi mbili zimekuwa unga. Tryphena aliokota vipande. Mutunga alisema, "Pole sana," akageuka pembeni, akafuta uso kwa kofia.

Picha ilitoka. Nthenya kaketi wima, mkono juu ya fimbo, macho yanamtazama mpigaji kama anayemdai heshima. Aliiona yeye mwenyewe, akasema wamemzeesha. Hakumaliza mwezi. Kwenye mazishi ndiyo iliyotangulia jeneza.

Tryphena alipopata kamera nyingine alirudi dukani kutafuta mkoba. Muuzaji alimwonyesha mwingine mweusi. Alifungua kifuniko mara moja, akasikia ile sauti, akausukuma kando.

"Nipe wa turubai," alisema. Kabla ya kuondoka aliujaribu, akafunga na kufungua mikanda yake akiwa amefumba macho, huku wateja wengine wakimshangaa.

Filamu iliyokwisha pigwa haiweki mkobani siku hizi. Huivaa kiunoni, kwenye kimfuko.