Mwanamume wa Albamu Yangu

Albamu yangu ya pili nilianza kuirekodi nikiwa msichana wa miaka kumi na saba na sauti nyembamba kama filimbi. Nyimbo nne zilipoisha, mama akasema muziki wa soul utangoja mpaka nimalize mtihani wa Fomu Foo, ule wa kumaliza sekondari. Nikarudi studio baada ya miaka miwili, chumba kimoja hapo Ruiru kilichozungushiwa magodoro ukutani. Nikaimba mstari mmoja. Prodyuza akasimamisha kila kitu.

"Uko na homa?"

"Sina."

"Basi nani ameimba?"

Tulijaribu tangawizi, ndimu, asali. Sauti ikazidi kushuka, na kusema ukweli nikaanza kuipenda. Noti za chini zilinitetemesha kifua. Basi tukaacha nyimbo za zamani kama zilivyo, mpya nikaziimba kwa sauti nzito, na wimbo wa mwisho tukachanganya: nyembamba inauliza, nzito inajibu. Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Hapo ndipo tulipokosea.

Mama aliutuma kwa dada yake wa Kiuu, tata yangu, ambaye hatukuwa tumeongea siku nyingi. Akanipigia papo hapo.

"Haloo, tata," nikasema.

"Wewe kijana, mpe mwenye simu simu yake."

"Tata, ni mimi."

"Wewe nani? Kwenu ni wapi?"

Nikacheka, na kicheko changu kilikuwa kizito kuliko maneno. Akakata. Mama akajaribu kumweleza, akaambiwa aache kunifichia mchumba.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa letu Kiganjo, tata alifika na wenzake watano wamevaa leso za kufanana. Walimtengea yule kijana wa kwenye wimbo kiti cha mbele, na soda juu yake.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Sauti yangu ya zamani ikauliza kutoka kwa spika, nami nikajibu kwa maikrofoni. Wale kina mama wakaangalia mlango, wakaangalia spika, wakaniangalia. Tata akapanda jukwaani nikiwa katikati ya kiitikio na kunishika koo.

"Ngai! Ni yeye!"

Ukumbi ukacheka mpaka tukalazimika kuanza wimbo upya. Mara ya pili ndipo nilipomsikiliza vizuri yule msichana wa kwenye spika. Alikuwa anauliza kama mtu mwenye haraka. Nilimhurumia kidogo, lakini sikutaka anirudie.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alinitoa kwa wasichana, akanipeleka nyuma kwa wanaume wa besi. Tulipomaliza ubeti wa pili, mzee mmoja akanigusa bega.

"Mama, songa kando kidogo," akaninong'oneza. "Unanifunika sauti."