Sare ya Nasri

Kaa wewe, mwanangu, mtoto wa dada yangu. Mimi niache nisimame, miguu yangu tangu jana haitaki kutulia. Nna siku moja kichwani, nikilala naiona, nikiamka naiona, na leo nitakupa uibebe na wewe.

Nilikuwa msichana, miaka ya tisini, tunakaa Sib, huku huku Omani. Sisi tuliotoka Unguja tulikuja na beni yetu. Ikiwa harusi, baada ya alasiri tunatoka kwa bwana harusi mpaka kwa bibi harusi, matarumbeta na ngoma, wanawake tumevaa dishdasha, kanzu za kaka zetu, na masharubu tumejichora kwa wanja. Majirani wanapanda juu ya mapaa kutuangalia. Katika beni ile kila mtu alikuwa na nafasi yake. Alikuwemo mwanamke aliyekataa kuolewa, akikaa Ruwi na mwenziwe, na hakuna aliyemuuliza neno. Na alikuwemo Nasri.

Nasri alikuwa mwanamume, lakini moyo wake haukuelekea kwa wanawake, na hilo tukilijua sote. Mtaani wako waliomwita majina nisiyotaka kuyatia mdomoni. Kwenye beni aliitwa Nasri tu, na yeye ndiye aliyetangulia mbele na mwavuli wa shanga. Akianza kucheza, wallahi, hata wazee wa msikitini wanaficha vicheko kwenye vilemba. Tena fundi wa charahani. Sare zetu zote, za kuvalia karamuni beni ikiisha, akizishona yeye.

Sare unaijua. Kwetu hakuna anayekwambia usije harusini. Unayetakiwa unaletewa kitambaa, usiyetakiwa huletewi, basi, umeshaambiwa.

Harusi ya kaka yangu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kugawa sare. Na wakati huo nimeposwa, na mama wa yule aliyeniposa anakuja harusini. Wasiwasi ukaniingia: akimuona Nasri mbele atasema nini? Watavunja posa? Hakuna aliyeniambia kitu, mwanangu! Niliyazua mwenyewe kitandani, nikageuka huku, nikageuka kule. Asubuhi nikampelekea Nasri vitambaa avishone, cha kila mtu, chake hamna.

Akavipindua kimoja kimoja, anasoma majina niliyoyabandika. "Changu kiko wapi, dada?"

"Hakikutosha," nikasema. Uongo mtupu. Akanitazama, nami nikajitia kuangalia charahani.

Akazishona zote. Yangu akaitia na utepe wa dhahabu shingoni, wala sikumuomba.

Siku ya harusi, watu wamejipanga, Nasri haonekani. Kiongozi wetu alikuwa Bi Rukia, mwanamke mfupi, mkali, akipiga ngoma kuwashinda wanaume. Akaniuliza yuko wapi. Nikababaika, akajua. Akaweka ngoma chini mbele ya watu wote.

"Umeshindwa kumwambia kwa mdomo, ukamwambia kwa kitambaa," akasema. "Tena ukampa yeye mwenyewe azishone za wenziwe! Una moyo gani wewe? Nenda kamlete."

Nikatembea peke yangu mpaka kwake, na masharubu yangu ya wanja, watu wananichungulia milangoni. Nasri akanifungulia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Nimekusamehe, dada," akasema. "Lakini leo umekuja kwa kuwa umetumwa. Siku utakayokuja mwenyewe, nitarudi."

Beni ikatoka bila yeye. Bi Rukia hakumpa mtu mwavuli, pale mbele pakabaki patupu njia nzima. Na yule mama niliyemwogopa alikula biriani yake, akaisifu nyama, akenda zake. Hakuuliza chochote. Khofu yote ile ilikuwa yangu mimi.

Nikasema nitakwenda kwa Nasri kesho. Kesho nikajidai nimechoka. Keshokutwa nikaona haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Nilipokwenda, walinifungulia watu nisiowajua. Nasri kahama. Mmoja anasema Salala, mwengine anasema Dubai. Nimeolewa, nimezaa, nimehamia hapa Mawaleh, na mpaka leo nikisikia tarumbeta nakimbilia dirishani, labda ni yeye. Na sitaki pole yako. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Sasa jana umenijia na orodha ya sare za harusi yako. Nimeisoma mara mbili. Jina la Hilali, mtoto wa ammi yako, uliyekua naye mkila sahani moja, halimo. Nikakuuliza kwa nini, ukanijibu, "Kitambaa hakitoshi, khalti." Nikainuka nikaenda jikoni, ukadhani nimeacha chungu motoni.

Usijiinamie, nitazame. Najua Hilali yukoje, na wewe unajua, na yeye anajua kwamba tunajua. Usimtupe nduguyo kwa ajili ya maneno ambayo hayajasemwa. Na yakisemwa, wewe una mdomo, yajibu. Mkwe atakayekutaka kwa sharti la kumficha mtu wako, kesho atakutaka ujifiche na wewe. Na ukishakosa, nenda siku ileile, kwa miguu yako, usingoje Bi Rukia wa kukutuma. Mimi nilitumwa, ndiyo maana nimesimama hapa naizunguka sebule mzee mzima.

Haya, shika. Hiki ni kitambaa changu ulichonipa, nimekikata usiku, kipande cha Hilali hicho. Mimi nitavaa kanga zangu za zamani, nani ataniuliza? Mpelekee mwenyewe, sasa hivi, kabla chai haijapoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ndoa yenye kheri, na nyumba ambayo hakuna wako atakayeogopa kubisha hodi. Na siku ya beni yako anionyeshe Hilali ametangulia mbele na mwavuli, ili na mimi, siku moja tu, nikae kitako nitulie.