Mgonjwa Namba Saba

Niseme mapema: yule mama wa kijiji cha Maji ya Chai, aliyekuwa na mzio wa penisilini, nilimponza mimi. Tusisingizie kompyuta.

Ilikuwa miaka ile zahanati za watu binafsi zilipokuwa zikifunguliwa Arusha kila kona. Moja, pale Sokon One, iliniajiri kuingiza mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta. Mwenye zahanati alitaka kujua kama mfumo ungehimili Jumatatu asubuhi, watu wakijaa. Nikaandika programu ya kujifanya wagonjwa mia wanaandikishwa kwa mpigo. Uvivu huo! Badala ya kutunga namba za majaribio, nikatumia hesabu ya mizunguko yenyewe, yaani kila programu inaporudia kazi: mzunguko wa kwanza, mgonjwa namba moja, wa pili, namba mbili, hadi mia. Nikaiendesha kwenye kompyuta ileile ya kazi, yenye mafaili ya kweli, nyingine hatukuwa nayo.

Nilidhani namba hizo hazina mtu. Maofisini kwetu daftari jipya huachiwa kurasa za mwanzo kwa ajili ya wageni wa heshima, nikaamini na mapokezi wamefanya vivyo hivyo. Kuuliza? Niulize nini, na fundi ni mimi?

Lo! Dada wa mapokezi hakuwa mtu wa kupoteza ukurasa. Namba za mwanzo zilikuwa za wagonjwa wa siku ya kwanza kabisa. Programu ikaandika wagonjwa wake wa uongo juu ya mafaili yao, ikawafuta wote, na kwenye mzio wa dawa ikaandika "hakuna". Yule mama alikuwa namba saba. Majuto ni mjukuu, ila wangu alizaliwa mchana uleule.

Majina na umri niliyarudisha kutoka daftari la mapokezi. Mizio haikuwemo, ilikuwa kwenye kadi za zamani, zimefungwa maboksini. Nikamwambia mwenye zahanati.

"Tutazipitia taratibu," akasema. "Usiwatie watu hofu."

Nikanyamaza. Tena kwa furaha, Mungu anisamehe.

Wiki ya pili mama akaletwa na homa kali, hajitambui. Nesi akaangalia kompyuta, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akamchoma penisilini. Jioni haikumkuta.

Nilikwenda msibani. Nikamwamkia mume wake, nikamwambia natoka zahanati. Mzee wa watu akanisogezea kiti karibu yake.

"Asanteni, mwanangu," akasema. "Ninyi mlijitahidi. Mimi ndiye niliyechelewa kumleta."

Nikamwambia, "Pole, baba." Sikumkatalia.