Mswaki Mchungu wa Mutsamudu

Tulipokuwa wadogo Moroni, enzi za Mfaransa, maji yetu yalikuwa ya birika la mvua, tangi la kujengwa uani. Mwaka mmoja paka wa jirani alitumbukia humo, bibi akamtoa kwa ndoo, tukaendelea kunywa. Basi, sikukaa kusema habari za paka. Nasema maji, maana kusukutua kwetu kulikuwa funda moja tu. Tulipohamia Mutsamudu, kisiwa kingine, kwa kina mama nikaona mto, watu wanasukutua mpaka wanachoka! Hapo mtoni ndipo alipokaa Bakoko Saidi, akigawa miswaki ya mti kabla ya sala. Bakoko ni babu. Kila mzee tulimwita hivyo.

Ukitafuna mswaki wake, ulimi unakufa ganzi kama umeweka karafuu, kumbe si karafuu. Povu la manjano, uchungu mpaka masikioni! Fizi zinazotoka damu zinanyamaza siku ya tatu. Mti gani? Miswaki aliimenya maganda yote, na ukimwuliza anacheka. Mpaka leo najiuliza mle mlikuwa na nini.

Mama ndiye aliyewasomea wanawake maulidi mtaani. Jino lake la mbele likaanza kuoza na kucheza. Mganga wa dispensari akataka kuling'oa.

"Nikiwa na pengo nitasomaje?" mama akalia. "Watampa Mariamu kitabu, na yule anasoma kama anafukuza kuku!"

Bakoko akampa miswaki. Jino likakazika. Wajukuu zangu wana dawa ya meno ya mistari mitatu, tamu kama peremende. Wanaimeza, kisha wanalia jino. Sisi tulilia mswaki, meno yakabaki.

Miswaki ilipobaki miwili, mama hakuvumilia. Akanituma mimi na dada tumfuate Bakoko mlimani, tuujue huo mti. Tukapita mashamba ya mlangilangi, yale maua ya marashi, tukijificha. Dada akapiga chafya.

Bakoko akageuka. "Mama yenu kawatuma?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Miti ya chini, watu walipoijua, waliimenya yote mpaka ikakauka, wanangu. Umebaki mmoja."

Hakukasirika. Akaweka kifurushi chake cha miswaki miguuni pangu. Kile kilimfikisha mama maulidi mawili. Ya tatu alisoma Mariamu, mama akimsikiliza huku kafunika mdomo kwa shiromani, shuka lake la kujitanda.

Siku ile mlimani, Bakoko alitia panga lake begani, akashika njia ya upande wa pili wa mlima, tusiuone mti wake. Mtoni hakurudi tena.