Utani Niliofanya Mlangoni kwa Kina Shomari

Naona haya hata kuanza, jamani, maana walioniona siku ile ni wengi na baadhi yao bado tunakutana kwenye kantini ya chuo, wananitazama mara moja kisha wanatazama chai yao. Lakini kwa kuwa mmenibana, na najua mmeshaokota vipande vipande huko nje, afadhali mnisikie mimi mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni mwanzoni, kwa sababu huko mbele hakuchekeshi.

Mimi Mnyamwezi wa Tabora (hilo mnalijua), na Shomari ni Mndengereko wa Bungu ndani huko, ukishaacha lami unaingia njia ya mchanga katikati ya mikorosho mpaka gari linaanza kulia kwa kuzama. Tulikutana mwaka wa kwanza wa uzamili, idara ya historia, tukapangiwa chumba kimoja bwenini, na siku ile ile aliponiuliza kabila langu akaruka kitandani: "Kumbe mtani! Ndiyo maana una mabegi mengi, nyie si ndio wapagazi wa dunia nzima?" Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni, yeye ananiita mbeba mizigo, mimi namwita mvivu wa pwani anayelala mpaka korosho zinamdondokea puani, na watu wakitusikia wanadhani tutapigana kumbe hapo ndipo tunapendana.

Sasa sisi wa uzamili hatuko kama wale vijana wa shahada ya kwanza wenye kelele zao. Tuko wachache, wengine wana watoto nyumbani, kila mtu na upweke wake, kwa hiyo tulikuwa na jumuiya yetu: chai ya Ijumaa, kusomeana kazi, kupashana habari za ufadhili, na mwenzetu akifiwa tunachanga, tunakodi kosta, tunakwenda. Mwaka ule mhadhiri wetu, mama mmoja wa Bukoba, mkali lakini mwenye haki, alikuwa anaunda kikundi cha kukusanya kumbukumbu za vita vya Maji Maji kule Rufiji, na atakayeingia humo masomo yake yanalipiwa mpaka uzamivu. Kila mtu alikuwa anaitaka nafasi hiyo, ila mwenye haki nayo alikuwa Shomari, kwa sababu tasnifu yake ilihusu ukoo wake mwenyewe wakati wa vita vile. Mwaka mzima alikuwa anawabembeleza nyumbani wamsimulie, wanakataa. Mwisho babu yake akakubali, akawaambia na wengine wakubali. Nilipomuuliza ni habari gani hiyo iliyofungiwa namna hiyo, alinijibu, "Mambo ya nyumbani, mtani. Utayasikia siku ya kutetea tasnifu."

Babu akafariki kabla hajakaa naye kitako. Lakini alikuwa ameshausia, na shangazi mkubwa, Bi Zuhura, alishamwambia Shomari kwamba ikipita arobaini watakaa naye, watamweleza yote.

Tukakodi kosta. Mhadhiri naye akaja, akakaa kiti cha mbele yangu, na tulipokaribia Bungu akageuka akaniuliza, "Hivi ni kweli watani wa huku hufanya vituko msibani? Nimesoma tu, sijaona." Ningeweza kumwambia ndiyo, mama, ni kweli, nikanyamaza. Mimi nikavimba kifua, nikasema, "Leo utaona kwa macho yako." (Msinitazame hivyo. Na mimi niliitaka ile nafasi, au tuseme niliutaka ule uso wake wa kuridhika.)

Tukafika. Jamvi limejaa watu, wanawake wako ndani na upenuni, kanga vichwani, masufuria ya wali yanafuka nyuma ya nyumba. Tukatoa shikamoo zetu, tukatoa pole, na Shomari (macho yamemvimba, hajalala) akanitambulisha kwa wazee kwamba huyu Mnyamwezi, ni mtani. Mzee mmoja akaitikia, "Kha! Mtani kafika? Basi na afanye kazi yake, msiba umepoa mno."

Mnaona basi, ruhusa nilipewa. Jeneza lilipoinuliwa kutoka ndani, nikajitupa kizingitini, nikalala chali na shati langu jeupe la kupiga pasi, nikapiga ukelele: "Hatoki mtu hapa! Marehemu alikuwa mtumishi wangu, nani kawapa ruhusa ya kumchukua?"

Watu wakacheka! Wakaniletea nazi nipishe, nikasema Mnyamwezi haondolewi kwa nazi. Wakaniletea ndizi, nikaimenya nikaila palepale nimelala, nikasema hii ni ya salamu, malipo bado. Mjane mwenyewe nikamwona ameziba mdomo kwa kanga. Na Shomari, ambaye tangu alfajiri alikuwa analia, alivua kofia akajifunika nayo uso mabega yakitikisika kwa kicheko, na niwaambie ukweli, niliona raha ambayo sijaiona tena. Hapo ndipo ningeinuka. Mtani mwenye akili angeinuka hapo, akachukua nazi yake, akapisha maiti ikazikwe.

Lakini mhadhiri alikuwa amesimama pale pembeni anatabasamu, na wenzangu wametoa simu wananipiga picha, na kijana mmoja katikati ya watu akapaza sauti, "Mrukeni huyo mbeba mizigo, kazi yake ndiyo hiyo, kulala njiani!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikaona siwezi kushindwa kwa neno nililozoea kurushiwa kila siku chumbani. Nikatafuta tusi la kumaliza ubishi. Kichwani nilikuwa na Maji Maji tu, miezi yote ile tulikuwa tunasoma hayo, basi nikakaa kitako pale kizingitini, nikanyoosha kidole, nikatamka kwa sauti niliyotaka ifike mpaka barabarani:

"Nyie ndio mnatuita sisi wapagazi? Babu zenu nyie ndio waliowabebea Wajerumani mizigo vita vya Maji Maji, wakawaonyesha na kivuko cha mto waje kuwaua wenzao!"

Nilikuwa nimejitungia tu, wallahi. Nikangoja kicheko.

Hakikuja. Waliobeba jeneza walikuwa wamesimama nalo mabegani, wakatazama chini. Shehe akawa anazitazama kucha zake. Kule kwenye jamvi niliona wazee upande mmoja wanatazamana, na wa upande wa pili hawatazami popote, na Shomari bado ameshika kofia usoni ila mabega hayatikisiki tena. Bado sikujua nimefanya nini, nilijua tu nimefanya kitu.

Ndipo Bi Zuhura, ndani, akacheka. Alicheka peke yake, kavu, akasema, "Haya, mtani kasema." Na alipocheka yeye, wengine nao wakacheka, kwa sababu mtani hanuniwi, ndivyo ilivyo, akisema lolote unacheka. Shomari alicheka pia. Nilimwona akicheka, na sijapata kuona kitu kibaya kama kile.

Nikainuka, nikapisha. Nikataka kutia bega kwenye jeneza, lakini kila nikisogea bega langu nakuta mtu mwingine keshaingia, basi nikafuata nyuma kabisa mpaka makaburini, shati langu lote vumbi na ganda la ndizi bado nimelishika mkononi.

Tuliporudi, wazee wakaingia ndani na Shomari, na walipotoka Bi Zuhura akaniita nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Alikuwa ameshika kuku jike, miguu imefungwa kwa upindo wa kanga.

"Mtani, haki yako hii."

"Shangazi, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingesema, unaonekana mtoto wa watu." Alisema polepole, hakunigombeza, na laiti angenigomba. "Babu wa huyu tuliyemzika leo ndiye aliyewavusha Wajerumani mtoni. Walikuwa wamemshikia mkewe na wanawe. Nusu ya wale uliowakuta kwenye jamvi, babu zao walikufa kwa kivuko kile. Siye tumekua tunatengwa kisimani, mwanangu. Juzi juzi tu ndiyo tumeanza kuzikana. Marehemu akasema basi, na litoke, lakini tulitoe wenyewe, taratibu, na sababu yake ijulikane. Leo limetoka mlangoni kwetu, naye yuko mabegani mwa watu."

"Na Shomari? Tasnifu yake?"

"Tumeshakaa, tumeshamwambia. Haliandikwi tena." Akanisogezea kuku. "Shika. Mtani hakasirikiwi."

Nikampokea kwa mikono miwili, ningefanyaje. Nikapanda naye kosta, nikampakata mpaka Dar es Salaam, akaninyea suruali, na hakuna aliyeniuliza wala aliyecheka. Wenzangu walizifuta picha mmoja mmoja, nilikuwa nawaona. Mhadhiri hakugeuka tena nyuma.

Arobaini ilipofika nilirudi Bungu peke yangu kuomba radhi. Walinikaribisha vizuri, nikakalishwa jamvini, nikapewa wali, na nilipoanza kulitaja lile jambo Bi Zuhura akaniongezea mchuzi. Halikutajwa. Shomari akabadilisha mada, akaandika kuhusu ushirika wa korosho, kazi safi tu ambayo haikumhitaji yeye hasa, na nafasi ya ufadhili ikaenda kwa mwingine (si mimi, na namshukuru Mungu kwa hilo).

Nimeapa kwamba sitafanya tena utani mahali nisipojua wamezika nini na nini. Mkinikuta msibani nimejikunja nyuma kabisa, mdomo nimefumba, niacheni hivyo hivyo. Sitaki ruhusa ya mzee yeyote.

Bado tunakaa chumba kimoja, mimi na Shomari. Siku aliyorudi kutoka matanga nilikuwa nimekaa kitandani namngoja, nimejiandaa kwa matusi yote, nayataka kabisa, aniite mbeba mizigo, aniite mbwa. Akaingia, akavua viatu, akanipa mkono.

"Habari za hapa, Bwana Maganga," akasema. Na ndivyo anavyonisalimia mpaka leo, kila asubuhi, kwa adabu kabisa.