Siku Niliyomwita Mtani Wangu Mwizi

Kuna mji mmoja nchi hii ambao nikipita nikiwa ndani ya basi huwa navuta kofia mpaka puani na kujifanya nimelala, na mji huo ni Tabora. Si kwamba watu wa Tabora ni wabaya, la, ubaya ulikuwa wangu mwenyewe, na ninyi mnaonijua mkitaka kucheka chekeni, ila mjue kuna mahali katika mkasa huu ambapo mimi sijaweza kucheka hadi leo.

Asubuhi ile niliamka Usoke, ambako nilikuwa nimefanya kazi ya kukausha tumbaku msimu mzima, nikafunga begi na kuondoka bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ujinga (mwalimu alisema ni ujinga, lakini naye alikuwa na yake), bali kwa sababu dirisha la darasa letu kule Kisarawe lilitazama barabara, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Tena babu yangu alikuwa akitusimulia jinsi Wanyamwezi walivyoshuka pwani kwa miguu na misafara, pembe za ndovu mabegani, wakipita kwetu Uzaramoni, na kwamba huko ndiko ulikoanza utani wetu nao, ule wa kutukanana bila kununa na kunyang'anyana vitu bila kesi. Tangu utotoni nilitaka kuifuata njia ile mpaka ilikotoka. Basi nikapanda basi la kwanza lililosimama, na lilikuwa linakwenda Tabora.

Fedha zangu za tumbaku zilikuwa benki, kwa sababu mwenye shamba hakupenda kulipa watu mkononi, na zilikuwa na kazi moja tu: bati za nyumba ya mama. Mama analala chini ya makuti yaliyooza, na nilitaka bati ziwe juu kabla ya mvua za vuli. Nilipopata chumba Ng'ambo, mtaa wa hapo Tabora, nikampigia.

"Seleman, zile bati vipi?" akauliza.

Badala ya kusema bado, nikasema, "Nimeshanunua, mama. Ziko njiani."

(Nilitaka tu kumsikia akipiga kigelegele. Alikipiga, kirefu.) Nikaona haina madhara, maana fedha zipo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nikaacha simu kwenye kibanda cha kuchajia, nikaenda kwenye mashine ya benki kutoa elfu kumi ya kula na kutazama salio, kwa sababu, niseme ukweli, nilipenda sana kulitazama.

Mashine ikaniletea Kiingereza. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ubaoni, na nyuma yangu mtu akasema, "Kaka, unaitumia au unaiposa?"

Nikageuka. Mtu wa makamo yangu, shati safi, meno nje. Akaniuliza kabila, nikamwambia Mzaramo, akapiga makofi.

"Mtani wangu! Ndiyo maana! Ninyi mmezoea kupasua madafu, mashine mtaijulia wapi?"

"Na ninyi mmezoea kubeba mizigo," nikamjibu, "nibebee basi na huu."

Akaichomoa kadi, akaificha mgongoni. "Imetekwa hii! Bila soda hairudi."

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko yeye, maana nilikuwa nimetembea mbali kuutafuta utani huo na sasa umenifuata wenyewe. Akairudisha kadi kwenye mashine, akabonyeza Kiswahili, akauliza namba ya siri, nami nikamtajia. Ndiyo, nilimtajia kwa mdomo wangu, kwa sauti, kama mtu anayetaja jina la baba yake. Elfu kumi ikatoka, akanipa kadi, nikaitia mfukoni bila kuitazama, kisha nikamnunulia soda. Nilimnunulia soda! Akainywa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

Jioni nilipochukua simu nilikuta ujumbe wa benki unaosema nimetoa fedha. Wa pili ukasema nimetoa tena. Nikapiga namba ya huduma, nikasikilizishwa muziki mpaka salio la simu likakata, nikanunua jingine, nikasikilizishwa tena, na mwisho akapokea mtu.

"Fika tawi lililo karibu nawe siku ya Jumatatu."

"Lakini anazitoa sasa hivi, kaka! Fungeni!"

"Fika tawi, mteja wetu mpendwa."

Jumapili watu wa Ng'ambo walikwenda ibada, mimi nilikaa kitandani na simu mkononi, na ujumbe ukaendelea kuingia mmoja mmoja, kama mtu anayekuaga akiwa anatembea kinyumenyume. Kufikia saa kumi hakikubaki kitu.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni pa benki, na kwa sababu ya mambo yao ya foleni nikahudumiwa wa tisa. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti ya upole sana. Nikamweleza yote isipokuwa moja. Akaniuliza kama kuna mtu anayeijua namba yangu ya siri, nikasema hakuna, nikaapa na mkono nikanyanyua.

"Basi ni wewe umetoa," akasema kwa upole. "Namba ya siri ilitumika."

"Si mimi, dada. Kamera zenu si zipo?"

"Picha za kamera zinaombwa makao makuu, kwa barua. Barua inaanzia tawi ulikofungulia akaunti. Na tawi lako watahitaji RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Una kadi?"

Nikaitoa kadi kwa kiburi, kwa maana hiyo ilikuwa hoja yangu kubwa, kwamba mtu anaibaje kwa kadi iliyo mfukoni mwangu? Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Wewe ndiye Perpetua?"

"Nani?"

"Kadi hii ni ya Perpetua."

Foleni nzima nyuma yangu ikalipuka. Mtu akasema, "Perpetua una ndevu nzuri!" Nikaanza kupiga kelele kwamba mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa kupita, simjui Perpetua yeyote, wala hapa mjini simjui mtu, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka, na dada yule akaifungia ile kadi kwenye droo na kumwita mlinzi, kwa sababu sasa mtu mwenye kadi ya wizi nilikuwa mimi. Mlinzi akanitoa nje, akaniamuru nisubiri ngazini wakati wanampigia simu huyo Perpetua.

Nikakaa ngazini. Mbele yangu walikuwa wamejipanga bodaboda wakingoja abiria. Nilikuwa nawaza kigelegele cha mama. Ndipo akatoka mzee mmoja mwembamba, miwani puani, aliyekuwa ndani kwenye foleni. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni Mzaramo. Akasimama juu yangu, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Wewe Perpetua, unalia nini? Fedha zako nimezila mimi! Nimenunulia michembe, na zilizobaki naolea mke wa pili."

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Nilijua ni utani. Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, nani anaiba fedha za watu akanunue viazi? Nilijua mzee ananitania kama desturi inavyotaka, kwamba mtani wako akifikwa na msiba unamchokoza mpaka machozi yageuke kicheko, na kwamba mwenye kununa ndiye mwenye kosa. Nilijua, na bado nikainuka, nikamkamata kola, nikapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi wangu huyu hapa! Amekiri mwenyewe!"

Nchi hii neno hilo likishatoka halirudi mdomoni. Bodaboda wakaziacha pikipiki zao. Mtu akampiga mzee kofi, mwingine akavuta shati likachanika mpaka kiunoni, miwani ikaruka, mwingine akawa tayari ameshika jiwe. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania kola. Na mzee hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu, macho madogo bila miwani, akisema pole pole, "Mtani. Mtani. Ni utani, mtani."

Aliyemwokoa ni yule mlinzi. Aliruka ngazi zote kwa mara moja, rungu juu.

"Acheni! Wajinga ninyi, huyo ni Mzee Mihayo fundi cherehani! Hii sare niliyovaa kanishonea yeye!"

Wakamtazama vizuri, wakamtambua. Mwenye jiwe akaliweka chini polepole, kana kwamba alikuwa amelishikia mtu. Kisha wote wakanigeukia mimi, na sina haja ya kuwaeleza maneno niliyoambiwa. Kofi moja nilipata pia, nikalipokea, lilikuwa la haki.

Mlinzi akatupeleka polisi sote wawili. Njiani Mzee Mihayo alivaa miwani yake, kioo kimoja kipo, kimoja hakipo, na shati alilishika kwa mkono lisifunguke. Nilimwambia, "Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba," akasema. Basi, hiyo tu. Nilingoja anitukane, anidai faini ya kuku kama watani wanavyodaiana, aniite mla nazi. Akaongeza mwendo.

Polisi wakamuuliza mzee kama anafungua kesi ya kupigwa. Akakaa akafikiri.

"Simfungulii," akasema. "Mtani hafungwi. Lakini afande, andika kwamba mimi na huyu hatuna utani tena."

Afande akacheka, akidhani ni mzaha, akaona mzee hacheki, akaacha. Halafu akavuta daftari upande wangu. Yule Perpetua alikuwa ameshapatikana kwa simu, naye aliibiwa kwa hila ileile, akabadilishiwa kadi kwenye mashine ile wiki iliyopita, kwa hiyo mimi sikuwa mshukiwa tena, nilikuwa mlalamikaji, na ilibaki kuandika maelezo ya kupeleka benki.

"Namba ya siri, huyo mtu aliijuaje?" akauliza.

Nilijua jibu linalotakiwa. Nikisema alichungulia, benki huenda wakafikiria. Nikisema nilimtajia, bati za mama zimekwisha hapo hapo, mezani pa afande. Mzee Mihayo alikuwa bado amekaa kwenye benchi, ananitazama kwa kioo kimoja. Siku hiyo nilikuwa nimeshamsingizia mtu mmoja, na sikuwa na nguvu ya uongo mwingine mbele yake.

"Nilimtajia mwenyewe," nikasema.

Afande akaweka kalamu chini. "Kijana, umejimaliza."

Na kweli. Niliporudi benki na karatasi yangu, dada yule aliisoma mpaka mwisho, akaniambia kwa upole uleule kwamba mteja akitaja namba yake ya siri benki haihusiki, akaniuliza kama kuna huduma nyingine ningependa.

Nikampigia mama nikiwa nimesimama kando ya barabara. Kabla sijasema kitu, akaniambia, "Bati zimefika wapi? Makuti nimeshamwita fundi ameyaondoa yote, nalala kwa jirani."

Nikamwambia hakuna bati. Nikamwambia hazikuwahi kuwapo.

"Basi," akasema, "ngoja nikamwambie fundi ayarudishe yale yenye nafuu, kabla watu hawajayachoma moto."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kesho yake nikapita kwenye varanda ya Mzee Mihayo. Alikuwa ameinamia cherehani, jicho moja amelifumba. Nikampa nauli yangu yote kwa ajili ya kioo, akaipokea, akasema, "Ahsante, ndugu." Ndugu! Tusi lolote la utani ningelipokea kwa mikono miwili kuliko neno hilo.

Kutoka hapo nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda Bukene, kwa kuwa nilisikia mpunga umevunwa na wanatafuta watu wa kubeba magunia. Nilikaa juu ya maturubai njia nzima nikijiapisha. Msidhani ni habari ya kadi. Kadi sasa hata mke nikioa hataishika, lakini hilo ni fundisho la mtoto mdogo. Kiapo changu ni kwamba mtani akinitania siku ya msiba wangu nitacheka, hata kama kicheko chenyewe kitatoka kimelowa.

Bukene nilifika alasiri. Nyumba ya wageni niliyoelekezwa ilikuwa ya mama mmoja mnene, Mnyamwezi, na akakubali nilipe chumba nikishaanza kubeba mpunga. Akanisukumia kitabu cha wageni. Nikaandika jina, nikaandika nitokako, nikafika kwenye safu ya kabila, kalamu ikasimama.

"Vipi, kabila lako hulijui?" akauliza.

Nikaandika. Akalisoma kichwa chini, akapiga meza kwa kiganja.

"Mzaramo! Jamani, mtani amejileta kwa miguu yake! Leo maji ya kuoga hupati hapa mpaka unichezee ngoma yenu ya mdundiko, palepale uliposimama!"

"Mama, nimechoka, nimetoka juu ya lori."

"Mtani hachoki. Cheza!"

Nikaweka begi chini. Wageni wawili wakatoka vyumbani kutazama. Nilicheza vibaya, vumbi la lori likinidondoka, uso ukiwaka kwa aibu, na sikuacha mpaka aliponiletea ndoo.